Gumba mara mbili: kisa cha baa nne za Mozart mjini Mtwara

Sonata ya Mozart ya C meja, ile yenye namba K. 545, imejijengea sifa ya kuwa nyepesi. Mozart mwenyewe aliiingiza kwenye orodha ya kazi zake tarehe 26 Juni 1788 na kuieleza kuwa ni sonata ndogo ya wanaoanza. Ilichapishwa mwaka 1805, yeye akiwa ameshafariki. Baa nne za kwanza kweli ni za mtu anayeanza: mkono wa kulia unaimba taratibu, wa kushoto unazungusha nota za kusindikiza. Kisha inafika baa ya 5, na mkono wa kulia unatakiwa kukimbia. Kisa hiki ni cha hapo tu, baa ya 5 hadi ya 8, pamoja na ndugu zake wanaojitokeza baadaye kuanzia baa ya 46.

(Ninaposema baa namaanisha kipande cha muziki kilicho kati ya mistari miwili ya wima. Namba za vidole ni zile za siku zote: gumba ni 1, cha shahada 2, cha kati 3, cha pete 4, kidogo 5.)

Muziki wenyewe uko hivi. Katika baa ya 5 mkono unaanzia A, unapanda hatua kwa hatua mpaka A ya juu, unageuka, unashuka mpaka A ileile ulikoanzia. Baa ya 6 inafanya vilevile kuanzia G. Ya 7 inaanzia F, ya 8 inaanzia E. Hakuna shapu wala flati, vibonyezo vyote ni vyeupe. Waliokulia kwenye kwaya wanaweza kuiimba sasa hivi: la mpaka la, so mpaka so, fa mpaka fa, mi mpaka mi. Mkono wa kushoto wakati huo hauna shughuli kubwa. Ukiitazama karatasi huoni cha kutisha.

Mhusika ni dada mmoja wa Chikongola, mpiga kinanda wa kanisa, aliyejifunza kwa kukaa karibu na waliomtangulia na kuangalia mikono yao. Nyimbo za ibada anazipiga huku akimtazama mwalimu wa kwaya, vidole havitazami kabisa. Safari hii alitaka kupiga sonata hii kwenye jioni ya muziki ambayo kwaya yao ilikuwa inaiandaa. Alinieleza shida yake kwa ufupi: "Mwalimu, mpaka A ya chini nafika salama. Nikiingia baa inayofuata mkono unajikwaa. Kila siku palepale."

Hilo neno "palepale" ndilo lililonifanya nisimwambie akafanye mazoezi zaidi. Mtu anayekosea huku leo na kule kesho huenda amechoka, ana haraka, au wimbo haujamkaa kichwani. Anayekosea mahali pamoja kila siku, huku pande zote mbili za mahali hapo zikiwa safi, ana tatizo la vidole: si nguvu ya vidole, ni mpango wake. Mkono umefika mahali na kukuta haukuandaliwa njia.

Yeye alikuwa amejipa jibu jingine. Aliamini vidole vyake ni dhaifu, akatafuta kitabu cha Hanon, yale mazoezi 60 ya vidole yaliyochapishwa mwaka 1873, akawa anayapiga kila jioni kabla ya kugusa Mozart. Alitumia pia metronomu, kihesabu mapigo, ya kwenye simu, akipandisha kasi kidogokidogo. Kwenye mapigo 70 kwa dakika mambo yalikuwa yanakwenda. Akikaribia 100 baa ya 6 ilivunjika, naye akawa anarudi chini na kuanza kupanda tena. Matokeo yake alipata maumivu kwenye shina la gumba la kulia, akawa anakanda mkono kwa maji ya moto kabla ya kulala. Nilimwomba aache Hanon mara moja. Sina ugomvi na kitabu hicho, lakini kurudia mwendo ambao haujakaa sawa ni kuufundisha mkono ukosee kwa ustadi, na maumivu si dalili kwamba zoezi linafanya kazi.

Tuliweka simu juu ya kinanda, kamera ikitazama chini, akapiga baa hizo nne kwa kasi yake ya kawaida. Kisha tukaitazama video polepole. Alikuwa akipiga hivi:

A1 B2 C3 D1 E2 F3 G4 A5, G4 F3 E2 D1 C3 B2 A1

Halafu baa ya 6 inaanza na G, naye anaipiga kwa 1. Gumba limetoka kupiga A, na kabla halijapumua linatakiwa lipige tena kibonyezo kinachofuata. Kwa mwendo wa pole linawahi. Nota zinapokuwa nne ndani ya kila pigo, na mapigo yanakwenda 100 kwa dakika, gumba lina takriban sekunde 0.15 tu kuinuka, kusogea na kutua. Haliwezi kufanya hivyo bila mkono mzima kuruka, na mkono ukiruka, nota mbili tatu za mwanzo wa baa zinapotea au zinagongana.

Kwa nini hakuliona mwenyewe? Kwanza, vidole vile ndivyo vya skeli, yaani ngazi ya nota zinazofuatana, tuliyofundishwa sote. C meja oktavi moja, kutoka C hadi C inayofuata, kupanda 1 2 3 1 2 3 4 5, kushuka 5 4 3 2 1 3 2 1. Mkono ukishaona vyeupe vinane mfululizo unachukua njia hiyo bila kuuliza. Njia hiyo ni nzuri sana kwa skeli inayoishia hapo. Mozart haishii hapo, anaendelea kwenda G.

Pili, kinanda kilimfichia. Vibonyezo vya vinanda vyetu vya kanisani ni vyepesi, gumba linaweza kuteleza kutoka A kwenda G kama kidole kinavyofuta vumbi mezani, na ukikanyaga pedali kidogo pengo halisikiki. Siku alipojaribu piano ya mbao kwenye nyumba moja ya watawa, bara kidogo kutoka Mtwara, kila kitu kilimwumbua. Kibonyezo cha piano ya leo kinashuka karibu milimita 10 na kina uzito wake. Gumba likiteleza, kinachosikika ni A yenye nguvu na G isiyo na sauti.

Tatu ni jambo la wapiga kinanda wa kanisani peke yao. Wamezoea kubadilisha kidole juu ya kibonyezo kilichokwisha shikwa: unapiga nota kwa gumba, ukiwa bado umeibonyeza unaweka cha shahada, gumba linakuwa huru. Katika nyimbo za ibada mbinu hiyo ni dhahabu, maana sauti hazikatiki hata bila pedali. Yeye alikuwa anaijaribu hapa pia. Kwenye video unaona kabisa cha shahada kikijitahidi kuingia juu ya A ili gumba liende G, na muda hautoshi. Mbinu inayookoa wimbo wa taratibu inauzamisha huu.

Baada ya hapo tulikaa na penseli. Njia zilizokuwepo hazikuwa nyingi.

Ya kwanza ilikuwa kuacha gumba lipige mara mbili lakini kwa kukusudia, yaani kukubali mkato mdogo kabla ya kila baa mpya. Wengine watashangaa nikisema njia hii si ya kipuuzi. Muziki wa wakati wa Mozart ulipumua zaidi kuliko tunavyoupiga sasa, na pale mstari unapoanza upya hatua moja chini, mkato mwepesi unaweza kupendeza. Tatizo ni kwamba mkato unaotokana na shida husikika tofauti na mkato wa hiari. Nilitaka kwanza aweze kuunganisha, ndipo achague kukata.

Ya pili ilikuwa kupitisha cha shahada juu ya gumba: A1, kisha G2. Inaunganisha vizuri sana. Lakini baa ya 6 sasa inaanza na 2, kwa hiyo A inayofuata inapigwa na 1, na mpangilio wote wa kupanda unahama. Baa ya 7 nayo inaanza kivyake, na ya 8 kivyake. Una baa nne zenye sura moja masikioni na sura nne tofauti mkononi. Mtu anayepiga kwa kukariri mkono, kama yeye, atachanganyikiwa.

Ya tatu ndiyo tuliyoichukua. Kwenye kushuka, baada ya gumba kupiga D, usipitishe cha kati juu yake. Pitisha cha pete:

A1 B2 C3 D1 E2 F3 G4 A5, G4 F3 E2 D1 C4 B3 A2, kisha G1

A ya mwisho imepigwa na cha shahada, gumba liko huru, na liko tayari juu ya G kabla G haijahitajika. Baa ya 6 inaanza kwa 1 kama ilivyoanza ya 5, na vidole vyote vinajirudia vilevile: G1 A2 B3 C1 D2 E3 F4 G5, F4 E3 D2 C1 B4 A3 G2, kisha F1. Ya 7 na ya 8 hivyohivyo. Mpango mmoja, baa nne, hakuna kinachobadilika ila mahali pa kuanzia.

Hiyo namba 4 ndiyo yote. Lakini angalia ilipotoka: hatukuipata kwa kuitazama C, nota inayopigwa na hicho kidole. Kwa C peke yake, 3 na 4 ni sawasawa, na pengine 3 ni bora. Tuliipata kwa kuanzia G ya baa ya 6 na kurudi nyuma: G nataka 1, basi A iwe 2, B iwe 3, C iwe 4, na D, ambayo ina gumba tayari, inakutana nayo vizuri. Vidole vya kifungu kigumu huhesabiwa kutoka kule unakokwenda kuja kule ulikotoka. Wanafunzi wengi niliowaona wanahesabu kwa kwenda mbele, nota moja baada ya nyingine, kila nota ikipewa kidole kilicho karibu, mpaka vidole vinawaishia mahali fulani na hapo ndipo wanaposema pana ugumu.

Alikuwa na pingamizi. "Cha pete changu kibovu, mwalimu. Ndicho nilichokuwa nakifanyia mazoezi."

Cha pete cha kila mtu kina kasoro hiyo. Kano zinazoinua vidole nyuma ya kiganja zimeunganika, na cha pete kimefungwa na majirani zake kuliko wengine, ndiyo maana ukikunja cha kati na kujaribu kuinua cha pete peke yake kinagoma. Hayo ni maumbile. Mtunzi Robert Schumann aliharibikiwa na mkono wa kulia akiwa kijana wa miaka ya ishirini, na ingawa chanzo chake kinabishaniwa mpaka leo, kisa chake kinatosha kumfanya mtu asijaribu kukilazimisha kidole kiwe kisichoweza kuwa. Hapa hata hivyo hatukihitaji kiinuke juu wala kipige kwa nguvu. Mkono unazunguka kidogo kuelekea kushoto, cha pete kinaletwa juu ya C na mkono wenyewe, kinatua.

Tena alikuwa anakitumia tayari bila kujua. Nilimwomba apige C meja oktavi mbili, kupanda na kushuka. Akashuka: 5 4 3 2 1 3 2 1, halafu 4 3 2 1 3 2 1. Ile 4 ya katikati inatua kwenye B, mara tu baada ya gumba kupiga C. Ukirudi kwenye baa ya 6 utaikuta pale pale: C1, B4, A3, G2. Kwa hiyo hatukuanza kujifunza na baa ya 5. Tulianza na ya 6, ambako mkono wake ulishapita mara nyingi, ndipo tukaupeleka mwendo uleule kwenye ya 5, ya 7 na ya 8.

Sasa linakuja jambo ambalo kwangu ndilo tamu zaidi katika kisa hiki. Nilimwuliza vidole vyake vya zamani alivitoa wapi, akanijibu kwamba vimeandikwa. Akatoa nakala yake, fotokopi ya fotokopi ya kitabu cha zamani cha Kiingereza. Na kweli, juu ya C, B na A za mwisho wa baa ya 5 pamechapwa 3 2 1. Juu ya G inayofuata pana alama ndogo ya msalaba, +. Alikuwa ameidhani ni pambo la nota, akaiacha.

Ule msalaba ni gumba. Uingereza, hasa katika karne ya 19, ilikuwa na hesabu yake: gumba liliandikwa kwa msalaba, na namba zilianzia kidole cha shahada, 1 2 3 4. Kwa hesabu hiyo 3 ni cha pete, 2 ni cha kati, 1 ni cha shahada. Mhariri wa kitabu kile alikuwa ameandika C kwa cha pete, B kwa cha kati, A kwa cha shahada, kisha G kwa gumba, mpango uleule tulioupata kwa penseli. Dada aliusoma kwa hesabu ya leo, ukageuka kuwa kile mkono wake ulichotaka kufanya tangu mwanzo, hivyo hakuwa na sababu ya kushuku chochote.

Huku Kusini onyo hili lina uzito wake. Wamisionari wa Kiingereza wa shirika la UMCA walifika Masasi mwaka 1876, Wabenediktini kutoka Ujerumani wakaanzisha Ndanda mwaka 1906, na Wajerumani walihesabu gumba kuwa 1. Karatasi za muziki zinazozunguka kwenye makwaya yetu zinaweza kuwa zimetoka upande wowote. Kabla ya kuamini namba yoyote kwenye nakala ya zamani, tafuta kama kuna msalaba mahali popote kwenye ukurasa. Ukiuona, hesabu inahama kwa moja. Usipouona, tafuta 5: ikiwepo, uko kwenye hesabu ya leo.

Na hata namba zikisomwa sawa, ni za mhariri. Mozart hakuwa na desturi ya kuwaandikia watu vidole. Tena desturi zenyewe zimebadilika sana. Mtunzi Johann Sebastian Bach alimwandikia mwanawe Wilhelm Friedemann kipande kidogo cha kufundishia vidole katika daftari lililoanzishwa mwaka 1720, na humo mkono wa kulia unapanda skeli kwa 3 4 3 4, cha kati kikipita juu ya cha pete, jambo ambalo leo mwalimu angekukaripia. Mwanawe mwingine, Carl Philipp Emanuel, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1753 kwamba baba yake alimsimulia jinsi alivyowasikia, enzi za ujana wake, mabingwa waliolitumia gumba pale tu ambapo mwachano ulikuwa mkubwa. Kwa hiyo hata hili gumba tunalolisumbukia hapa, wapo mabingwa waliojipigia bila kulijali.

Kuna swali dada aliniuliza ambalo linastahili jibu refu kidogo: kwa nini C, skeli isiyo na alama hata moja, imsumbue kuliko zile za flati anazopiga kanisani? Kwa sababu urahisi wa C uko machoni. Mkono una vidole virefu katikati na vifupi pembeni. Skeli yenye vyeusi inavipa vile virefu mahali palipoinuka na kuviacha vifupi chini kwenye vyeupe, na kila cheusi kinakwambia uko wapi bila kutazama. Chopin, mtunzi na mwalimu wa piano, alilijua hilo vizuri. Mkao aliowaanzishia wanafunzi ulikuwa E, F shapu, G shapu, A shapu na B, vidole vitano kwa mpigo, na skeli ya kwanza aliyowapa ilikuwa B meja. C aliiweka mwishoni. Kwenye vyeupe vitupu gumba linapita chini ya vidole visivyoinuka popote, na hakuna cha kushika. Mozart aliwaandikia wanaoanza kitu chepesi kukisoma. Kukipiga ni habari nyingine.

Mazoezi yenyewe tuliyafanya kwa makundi ya mkono. Kushuka kwa baa ya 5 kuna mikao miwili tu: mkono juu ya D E F G A, halafu mkono juu ya G A B C. Nilimwomba abonyeze kundi la kwanza lote pamoja, ahamie la pili, alibonyeze lote pamoja, bila mpangilio wa nota wala kasi. Hapo ndipo alipogundua kitu ambacho maelezo yangu hayakukifikisha: mkono ukishatua kwenye G A B C kwa ajili ya kumalizia baa ya 5, tayari uko kwenye mkao wa kuanzia baa ya 6. Hakuna safari kati ya baa hizo mbili. Kule kujikwaa kwake kote kulikuwa ni safari aliyojitengenezea mwenyewe.

Baada ya makundi, tulichukua nota tano tu, D C B A G kwa 1 4 3 2 1, akazirudia bila kuongeza kitu mpaka zikawa zinatoka kama neno moja. Kisha akaanza nota moja nyuma, halafu nyingine nyuma, mpaka akafika kileleni. Umeme ulipokatika aliendelea kwenye kinanda kilichokufa, na nilimsifu kwa hilo: bila sauti ya kumdanganya, mkono unajisikia wenyewe kama umetua vizuri au umeparamia. Tulibadilisha na kiti. Alikuwa anakaa kwenye kiti cha plastiki kilichomweka chini mno, kiwiko kikiwa chini ya vibonyezo, kifundo kimevunjika, na gumba halina nafasi ya kupita. Vitabu viwili vya nyimbo na mto vikamaliza kesi hiyo. Maumivu ya gumba yalianza kupungua, nadhani kwa kiti na kwa kuachana na kule kuruka, zaidi ya kitu kingine.

Halafu baa ya 46.

Sonata hii ina ujanja wake. Mada ya mwanzo inaporudi kwenye baa ya 42, hairudi kwa C kama ilivyotarajiwa, inarudi kwa F. Skeli nazo zinahama: baa ya 46 inaanzia D, ya 47 C, ya 48 B flati, ya 49 A. Dada, aliyekuwa sasa anaupenda mpango wake mpya, aliupeleka huko kama ulivyo. Baa ya 46 ikakubali: D1 E2 F3 G1 A2 B flati 3 C4 D5, C4 B flati 3 A2 G1 F4 E3 D2, kisha C1. Safi. Lakini ukishuka baa ya 47 kwa mpango huohuo, gumba linatua kwenye B flati, kibonyezo cheusi, na baa nzima ya 48 inaanzia hapo. Mkono wote unasukumwa ndani kati ya vyeusi, vidole virefu vinajikunja, na kupitisha gumba kutoka huko ni kazi.

Hapa kanuni mbili nzuri zinagombana. Moja inasema kifungu kinachojirudia kwa hatua kipewe vidole vinavyojirudia. Nyingine inasema gumba lisikae kwenye cheusi wakati wa kukimbia kama linaweza kuepushwa. Kwenye kasi hii nafuata ya pili, kwa sababu kumbukumbu unaweza kuifundisha, urefu wa gumba huwezi. Na ukihesabu tena kutoka mwisho, njia inajionyesha. B flati ya mwanzo wa baa ya 48 naitaka kwa 2. Basi C kabla yake iwe 1, D iwe 2, E iwe 3, na F ina gumba tayari. Kwa hiyo baa ya 47 inashuka kwa ile njia ya zamani tuliyoitupa: C5 B flati 4 A3 G2 F1 E3 D2 C1, na cha shahada kinavuka juu ya gumba kwenda B flati. Baa ya 48 inakwenda B flati 2 C1 D2 E3 F1 G2 A3 B flati 4, inashuka A3 G2 F1 E3 D2 C1, B flati 2, kisha A1 kwa baa ya 49. Ni vidole vya skeli ya B flati ambavyo kila mpiga kinanda wa kanisani anavyo mkononi tayari.

Alicheka. "Sasa 3 imekuwa halali?" Imekuwa halali kwa sababu kule inakokwenda kumebadilika.

Kuhusu kinanda chenyewe niseme kidogo, maana kuna wanaodhani muziki huu hauwezekani bila piano kubwa yenye vibonyezo 88. Piano za wakati wa Mozart kwa kawaida zilikuwa na oktavi tano, kutoka F hadi F, yaani vibonyezo 61, idadi ileile ya vinanda vingi vya kanisani, ila vyetu vinaanzia C. Vibonyezo vyake vilikuwa vyepesi na vya kina kifupi kuliko vya piano ya leo. Wepesi wa kinanda chake kwa hiyo si aibu. Nilichomshauri ni kuzima pedali kabisa wakati wa kuchagua vidole na kuiwasha baadaye. Piano ya mbao kwenye unyevunyevu wa pwani yetu ina matatizo yake, mbao zinavimba na vibonyezo vinakwama, na kumpata wa kuitengeneza ni safari. Kama ukumbi una kinanda, apige kinanda.

Mkono wa kushoto nao unaletewa skeli ya F baadaye katika marudio, na hapo hakuna mgogoro: 5 4 3 2 1 3 2 1, B flati inaangukia kwa cha shahada bila mtu kuipangia. Kwenye nakala yake mpya hatukujaza namba kila mahali. Tuliandika ile 4 ya kila kushuka, gumba la kila mwanzo wa baa, na zile 2 za B flati. Namba zikijaa ukurasani jicho linaacha kuziona, na ile moja yenye maana inapotea kati ya kumi zisizo na maana.

Sasa anapiga kifungu kizima kwenye 112 bila kushtuka, nami sioni haja ya kwenda zaidi ya hapo kwa jioni ya kwaya. Tumebaki na tofauti moja. Kuingia baa ya 8, ambako mstari umeshuka mpaka E, anataka kukata kidogo kabla ya nota ya kwanza, na kwa ajili hiyo amerudisha gumba mara mbili, B1 A3 G2 F1, kisha E1, kwa makusudi. Mimi ningeunganisha. Yeye anasema ukumbi wao una mwangwi, na bila mkato huo baa zote nne zitasikika kama kitu kimoja kirefu. Nimesikiliza ukumbini na nadhani ana hoja, kwa hiyo namba zake zimebaki juu ya mstari na zangu chini yake, kwa penseli, mpaka siku ya mazoezi ya mwisho.